Utafiti wa Sayansi Mbali na Maabara: Wanafunzi wa Shahada ya Kwanza na Nafasi ya Lugha

Utangulizi

Elimu ya sayansi katika vyuo vikuu imefungamanishwa kwa muda mrefu na jengo. Mwanafunzi wa historia aweza kuchukua kitabu chake akaenda nacho Lodwar au Lamu, na kitabu kikabaki kitabu kile kile. Mwanafunzi wa kemia aondokapo chuoni huacha nyuma mizani, vichomeo, kemikali na, zaidi ya vyote, mtu wa kumsimamia. Kwa sababu hiyo wengi wamechukulia kwamba masomo ya mbali yanafaa kwa taaluma za maneno tu, na kwamba sayansi isomwayo nyumbani ni nusu ya sayansi. Na ikiwa kusoma peke yake kuna matatizo hayo, basi kufanya utafiti wenyewe, yaani kutafuta jambo ambalo hata mwalimu halijui, kumeonekana kuwa muhali kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliye mbali na chuo.

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba dhana hiyo ina ukweli kiasi, lakini si ukweli wote. Yataonyesha kwanza jinsi masomo ya mbali yalivyojaribu kuvuka kikwazo cha maabara. Kisha yatafafanua mfano mmoja wa miaka ya hivi karibuni ambapo wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kila mmoja akiwa kwake, walijibu swali halisi la elimu ya nyota. Halafu yatatazama mfano ulio karibu na nyumbani. Mwisho yataeleza kwa nini suala hili linawahusu wataalamu wa lugha kama linavyowahusu wataalamu wa sayansi. Maadamu mwalimu hayupo ubavuni mwa mwanafunzi, lugha ndiyo ishikayo nafasi ya mkono wake, na lugha ikikosea, hakuna wa kusahihisha.

Masomo ya mbali na kikwazo cha maabara

Masomo ya mbali si jambo geni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1967 kitengo cha masomo kwa njia ya posta kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado chuo kikuu kishiriki, na masomo yake yalisaidiwa na matangazo ya redio. Mwaka 1986 chuo hicho kilianza kutoa shahada ya elimu kwa njia ya masafa, na shahada hiyo ilikuwa ya masomo ya sanaa. Nchini Tanzania, Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992, nacho kikaanza kufundisha mwaka 1994. Kenya ilipata Chuo Kikuu Huria chake mwaka 2023, kilipopewa hati ya kuanzishwa.

Jaribio kubwa la kuipeleka maabara kwa mwanafunzi badala ya kumpeleka mwanafunzi kwenye maabara lilifanyika Uingereza. Chuo Kikuu Huria cha nchi hiyo, Open University, kilipewa hati mwaka 1969 na kuanza masomo Januari 1971. Wanafunzi wa somo la msingi la sayansi walipelekewa nyumbani sanduku la vifaa vya majaribio. Ndani yake mlikuwa na kemikali, vyombo vya kupimia, na hadubini ndogo ya plastiki iliyotokana na uvumbuzi wa John McArthur. Mwanafunzi aliweka vyombo juu ya meza ya jikoni, akafuata maelezo ya kitabu, akatazama kipindi cha televisheni, na wakati wa kiangazi akaenda juma moja katika chuo cha karibu kufanya yale ambayo meza ya jikoni haikuweza kuyabeba.

Yafaa ieleweke kwamba sanduku lile lilikuwa chombo cha mafunzo zaidi kuliko utafiti. Mwanafunzi alirudia majaribio ambayo matokeo yake yalikwisha kujulikana. Hata hivyo, sanduku lilithibitisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba mtu mzima aweza kuaminiwa na vifaa vya sayansi nyumbani kwake. La pili ni kwamba maelekezo yaliyoandikwa vizuri yaweza kuongoza mikono ya watu maelfu ambao mwandishi hatawaona kamwe. Mambo hayo mawili ndiyo msingi wa yote yaliyofuata.

Nini maana ya utafiti wa kujitegemea

Kabla ya kuendelea, hapana budi kutofautisha zoezi na utafiti, kwa sababu maneno haya huchanganywa mara nyingi hata katika mitaala. Zoezi lina jibu, na mwalimu analo. Mwanafunzi akipata jibu jingine, yeye ndiye aliyekosea. Utafiti una swali ambalo jibu lake halijapatikana; mwanafunzi akipata jambo asilolitazamia, yawezekana amekosea, na yawezekana pia amegundua. Kazi yake kubwa ni kuamua lipi kati ya hayo mawili limetokea.

Kadhalika neno kujitegemea lisifahamike kuwa ni kuachwa. Mtafiti hata awe bingwa hafanyi kazi pasipo wenzake. Kujitegemea kuna ngazi. Katika ngazi ya chini mwanafunzi hupewa swali na njia, naye huamua namna ya kuzitumia data. Katika ngazi ya kati hupewa swali, akatafuta njia mwenyewe. Katika ngazi ya juu hubuni swali lenyewe. Wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza hufika ngazi ya kwanza na ya pili, na hilo si dogo, maana tofauti kati ya kutokuwa na uamuzi wowote na kuwa na uamuzi mmoja ni kubwa kuliko tofauti kati ya ngazi hizo zote.

Mfano wa taji la jua

Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 kutangazwa nchini Kenya, serikali iliamuru shule na vyuo vifungwe. Amri kama hizo zilitolewa katika nchi nyingi kwa majuma hayo hayo. Vyuo vikuu vilijikuta na wanafunzi wa sayansi wasio na maabara, na walimu wengi walitafuta njia ya kuziba pengo. Baadhi walitumia sinema za majaribio: mwanafunzi akamtazama mwingine akipima, kisha akaandika namba alizosomewa. Zoezi la namna hiyo lilikuwa kivuli cha zoezi.

Katika Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder, Marekani, walimu wa somo la fizikia ya majaribio kwa wanafunzi wa mwanzo walichukua njia nyingine. Miongoni mwao walikuwa Heather Lewandowski, mtaalamu wa fizikia na ufundishaji wake, na James Mason, mtaalamu wa jua. Badala ya kuiga maabara waliyoikosa, waliuliza kuna kazi gani ya kweli ambayo inahitaji watu wengi, kompyuta za kawaida na data ambazo zimekwisha kukusanywa. Jibu lilikuwa milipuko ya jua.

Ili kuielewa kazi ile yapasa kueleza fumbo lenyewe. Uso wa jua unaoonekana kwa macho una joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi. Juu ya uso huo kuna tabaka la gesi nyepesi sana lizungukalo jua kama taji, nalo huonekana wakati wa kupatwa kwa jua. Kwa kawaida kitu hupoa kadiri kinavyokuwa mbali na moto. Lakini tangu miaka ya mwanzo ya 1940 imejulikana kwamba taji hilo lina joto linalopita nyuzi milioni moja. Ni kama mtu anayejiepusha na jiko akaona joto linamzidi kila ahatuapo nyuma. Wataalamu wamekubaliana kwamba nguvu za sumaku za jua ndizo zinazosababisha jambo hili, ila hawajakubaliana juu ya njia. Rai moja inatokana na Hannes Alfvén wa Uswidi, aliyeeleza mwaka 1942 kuhusu mawimbi yanayosafiri katika nyuzi za sumaku. Naye alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1970. Rai ya pili ilitolewa na Eugene Parker mwaka 1988, nayo yasema kwamba taji hupashwa joto na milipuko midogo mno, isiyoweza kuonekana mmoja mmoja, lakini ambayo wingi wake ni mkubwa.

Milipuko midogo isipoonekana, itahesabiwaje? Hapa ndipo penye werevu wa kazi yenyewe. Milipuko mikubwa huonekana, na setilaiti za Marekani ziitwazo GOES hupima mionzi yake ya eksirei. Ikijulikana jinsi idadi ya milipuko inavyoongezeka kadiri ukubwa unavyopungua, yawezekana kukisia idadi ya ile midogo isiyoonekana.

Mfano wa harambee utaliweka jambo hili wazi. Tuseme watoaji wamegawanywa katika mafungu: watoao shilingi 10,000 hivi, watoao 1,000, watoao 100, na watoao 10. Ikiwa kila kiwango kishukapo mara kumi idadi ya watoaji hupanda mara kumi kamili, kila fungu litaleta fedha sawa. Idadi ikipanda zaidi ya mara kumi, basi wanyonge ndio watakaoijenga shule. Ikipanda chini ya mara kumi, shule itajengwa na wachache wenye nacho, hata kama wanyonge ni wengi kwa kuhesabu vichwa. Katika hesabu za jua mpaka huo huonyeshwa na kipeo cha 2. Kipeo kikizidi 2, milipuko midogo yatosha kulipasha joto taji. Kikiwa chini ya 2, haitoshi.

Kazi ya wanafunzi ilikuwa kupima. Katika makundi madogo ya watu watatu au wanne, waliokutana kwa njia ya kompyuta tu, kila kundi lilichukua mlipuko wake. Ilibidi waamue mlipuko ulianza saa ngapi na kuisha saa ngapi. Waondoe mwanga ambao jua lilikuwa likiutoa hata kabla ya mlipuko. Kisha wakadirie nishati yote iliyotoka. Mambo hayo yaonekana mepesi, lakini sivyo. Mlipuko hauna mlango wa kuingilia wala wa kutokea. Mwanga hupanda, hushuka, hupanda tena kidogo, na mtu mwenye macho na akili ndiye aamuaye pa kuweka alama. Mtaalamu mmoja angaliweza kuifanya kazi hiyo kwa uangalifu kwa milipuko michache tu. Wanafunzi waliifanya kwa milipuko zaidi ya 600, katika mihula mitatu ya mwaka 2020 na 2021, kwa muda uliokadiriwa kufikia saa 56,000.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2023 katika The Astrophysical Journal, na wanafunzi wapatao 1,000 wakatajwa kuwa waandishi. Kipeo walichokipata ni 1.63, pamoja na shaka ya 0.03 juu au chini. Kwa lugha ya harambee, kila kiwango kishukapo mara kumi, idadi hupanda mara nne na kidogo tu. Wanyonge hawakutosha. Matokeo hayo yaliitilia nguvu rai ya mawimbi ya Alfvén, ingawa hayakuufunga mjadala.

Mambo matatu yastahili kuangaliwa katika mfano huu. Kwanza, swali lilichaguliwa na walimu. Wanafunzi walikuwa katika ngazi ya chini ya kujitegemea. Lakini hakuna mwalimu aliyekuwa na jibu mfukoni, na jambo hilo peke yake lilibadili hali ya somo. Pili, umbali haukuwa tu kikwazo cha kuvumiliwa. Kazi ilibuniwa kwa namna ambayo kuwapo kwa watu wengi mahali pengi kulikuwa faida. Tatu, jibu lilikuwa la kukanusha. Wanafunzi hawakuona milipuko midogo. Waliona kwamba haitoshi. Katika zoezi, jibu la kukanusha huhesabiwa kuwa kushindwa, ilhali katika utafiti ni elimu.

Mfano wa karibu: ndege na majina yao

Yamkini msomaji atasema kwamba Boulder si Busia. Ni kweli kwamba mwanafunzi wa Kenya asomaye kwao hukabiliwa na gharama ya intaneti, kukatika kwa umeme, na pengine kutumia simu mahali pa kompyuta. Lakini zipo kazi ambazo hazihitaji zaidi ya daftari, saa, na miguu.

Mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, uitwao Kenya Bird Map, ulianzishwa mwaka 2013 ukifuata utaratibu uliokuwa ukitumika Afrika Kusini. Nchi imegawanywa katika miraba ambayo kila upande wake ni dakika 5 za latitudo au longitudo, yaani kilomita 9 na ushei. Mshiriki huchagua mraba, hutembea ndani yake kwa muda usiopungua saa mbili, na huandika kila aina ya ndege kwa mfuatano wa kuonekana kwake. Orodha yaweza kuongezwa kwa siku zisizozidi tano, kisha hufungwa. Masharti haya yana sababu. Muda wa chini unazuia orodha za harakaharaka. Mfuatano unaonyesha ndege aliye wa kawaida, maana huyo ndiye atangulizaye kuonekana. Na kwa kuwa mshiriki anaandika kila aina aliyoitambua, ndege asiyeandikwa naye ana habari ya kutoa: alitafutwa asionekane.

Mwanafunzi wa zuolojia aliyerudi kwao Kitui au Taita aweza kuifanya kazi hiyo peke yake, na miraba mingi ya nchi hii haijatembelewa mara za kutosha. Aweza pia kwenda ngazi ya juu zaidi na kuuliza swali lake: je, orodha ya kabla ya mvua za vuli na ile ya baada yake zatofautianaje katika mraba mmoja? Je, ndege wa msituni wamebaki katika kijisitu cha kaya kilichozungukwa na mashamba?

Hapa ndipo lugha inapoingia ghafla. Tuseme mwanafunzi amemwuliza mzee wa kijiji kama kunguru wapo. Mzee amejibu kwamba wapo, na mwanafunzi ameandika kunguru. Katika pwani ya Kenya jina hilo laweza kumaanisha ndege wawili tofauti kabisa. Mmoja ni kunguru mwenye kifua cheupe, Corvus albus, ambaye ni mwenyeji wa Afrika. Wa pili ni kunguru wa kutoka Bara Hindi, Corvus splendens, mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 na kuenea pwani nzima akila mayai na makinda ya ndege wengine. Wakazi wa Mombasa humwita huyu wa pili kurabu, neno lenye asili ya Kiarabu, na hivyo msamiati wao umekwisha kufanya kazi ambayo neno kunguru peke yake haliifanyi. Mwanafunzi anayeijua tofauti hiyo atamwuliza mzee swali la pili. Asiyeijua atapeleka data isiyofaa, na hakuna atakayegundua, kwa sababu neno aliloliandika ni Kiswahili sahihi.

Lugha mahali pa mkono wa mwalimu

Katika maabara ya kawaida lugha ya mwalimu yaweza kuwa na mapengo na kazi ikaendelea. Mwalimu husema: "Pima hii," huku akionyesha mizani, na mwanafunzi huelewa. Lakini kitenzi kupima katika Kiswahili kina upana mkubwa. Hutumiwa kwa uzito, kwa urefu, kwa ujazo, kwa joto, kwa ardhi, kwa mgonjwa na hata kwa maneno ya mtu. Mwanafunzi aliye peke yake akisoma katika kijitabu "pima mchanganyiko", ana haki ya kuuliza apime nini chake, naye hana wa kumwuliza. Maelekezo ya mbali hayana budi kutaja kila wakati kipimwacho, kifaa, na kipimo: "Pima uzito wa mchanganyiko kwa mizani, uuandike kwa gramu." Sentensi hiyo ni ndefu zaidi, na si nzuri zaidi masikioni, lakini haiachi pengo.

Hali kadhalika vitenzi kutazama, kuangalia, kuchunguza na kukagua hubadilishana katika mazungumzo bila madhara. Katika maelekezo ya utafiti kila kimoja chahitaji kazi yake. Nomino uchunguzi hutumika kwa kazi ya polisi, ya daktari, ya mwanafunzi wa maabara na ya mtafiti, na mara nyingine huchukua hata nafasi ya neno utafiti lenyewe. Mwandishi wa somo la masafa akilitumia kwa maana mbili katika ukurasa mmoja, atakuwa amempa msomaji wake vyombo viwili vyenye chapa moja.

Mfano mzito zaidi ni neno kosa. Matokeo ya Colorado yaliandikwa 1.63, pamoja na 0.03 juu au chini. Namba hiyo ya pili huitwa na walimu wengi kosa la kipimo. Katika Kiswahili kosa ni jambo la kuombewa radhi. Mwenye kosa hulaumiwa, na mwenye busara huficha au hurekebisha. Mwanafunzi asomaye peke yake, akiambiwa aandike ukubwa wa kosa lake, atajaribu kulipunguza kwa kalamu badala ya kulipima. Lakini namba ile haisemi kwamba mtu alikosea. Yasema mpaka wa ujuzi wake uko wapi, na kuiandika ni alama ya uaminifu. Kwa hiyo yafaa litafutwe neno lisilobeba lawama. Kuna watumiao hitilafu, nalo ni afadhali kidogo, ingawa nalo lina harufu ya uharibifu. Shaka, au kadiri ya shaka, laelekea kuwa karibu zaidi na maana, kwa kuwa mtu mwaminifu hana aibu ya kuwa na shaka.

Neno la mwisho la kuangaliwa ni korona. Kwa Waswahili wengi neno hili liliingia mwaka 2020 kwa maana ya ugonjwa. Katika elimu ya nyota neno hilo hilo, lenye asili ya Kilatini kwa maana ya taji, ni jina la tabaka lililoelezwa hapo juu. Maneno haya mawili hayakugongana kwa bahati. Kundi la wataalamu waliovipa virusi hivyo jina mwaka 1968 lilifanya hivyo kwa sababu vilionekana katika hadubini vikiwa na ukingo uliofanana na taji la jua. Basi mwanafunzi anayeandika kwa Kiswahili juu ya jua ana hiari mbili: kutumia korona na kumtatiza msomaji aliyepoteza jamaa kwa ugonjwa, au kutumia taji la jua na kueleweka na kila mtu. Mara nyingi neno la kienyeji hutetewa kwa sababu za fahari ya taifa. Katika mfano huu latetewa na usahihi.

Yaweza kuulizwa: kwa nini Kiswahili, ilhali sayansi katika vyuo vikuu vya Kenya hufundishwa kwa Kiingereza? Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, mwanafunzi wa masafa hufanya utafiti wake katikati ya watu. Mvuvi atakayemwambia samaki walipohamia, mkulima atakayemruhusu kuchimba udongo shambani, na mama atakayempa chumba cha kuwekea vifaa, wote wana haki ya kuelezwa kinachofanyika, na watamwelewa katika lugha yao. Tasnifu yaweza kuandikwa kwa Kiingereza, lakini data huzaliwa katika lugha ya mahali. Pili, Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na lugha rasmi isiyoweza kuongoza jaribio la kemia ina urasmi wa jina tu.

Istilahi nazo hazikosekani kama inavyodhaniwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na wanafunzi wa shule za msingi nchini Tanzania wamesoma sayansi kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Kinachokosekana ni nathari. Orodha ya nomino haimwambii mtu amimine nini kabla ya nini, kwa kasi gani, na afanye nini rangi isipobadilika. Utanzu wa maelekezo, wenye vitenzi vyake vya amri, viunganishi vyake vya wakati na sharti, na mtindo wake wa kutahadharisha, haujakuzwa katika Kiswahili cha chuo kikuu. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na wanasayansi peke yao, na haiwezi kufanywa na wanaisimu peke yao.

Masharti ya kufaulu

Kutokana na mifano iliyotangulia yadhihirika kwamba utafiti wa mbali hufaulu panapokuwa na mambo manne. La kwanza ni swali la kweli, hata likiwa dogo. La pili ni kazi iliyogawanyika katika vipande ambavyo mtu mmoja au watu wachache waweza kuvimaliza kwa vifaa walivyo navyo. La tatu ni ukaguzi: kazi ya mmoja itazamwe na mwingine, kwa maana upweke huzaa makosa ambayo mwenyewe hayaoni, na pengine huzaa kishawishi cha kubuni namba. La nne ni maandishi yasiyo na mapengo, yatakayosomwa na mtu aliyechoka, usiku, pasipo wa kumwuliza.

Jambo la nne ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Chuo huajiri mtaalamu wa kompyuta wa kusimamia mitambo, na humlipa mtaalamu wa sayansi kuandika somo. Lakini ni nadra kumwita mtaalamu wa lugha kabla kijitabu hakijachapishwa. Huitwa baadaye, kusahihisha tahajia. Angaliitwa mapema, angaliuliza maswali ambayo mwanafunzi wa Lodwar angaliyauliza: "Pima nini? Kwa kifaa gani? Mpaka lini?"

Hitimisho

Imeelezwa kwamba maabara ni desturi ya kazi kabla ya kuwa jengo: kuuliza, kupima, kuandika bila kuficha, na kukubali jibu lisilotazamiwa. Desturi hiyo yaweza kusafirishwa. Open University iliisafirisha kwa sanduku. Colorado waliisafirisha kwa data za setilaiti. Mhesabu ndege huisafirisha kwa daftari. Katika safari zote hizo chombo kilichobeba mzigo ni lugha.

Wanafunzi watakaosoma katika vyuo huria vya Afrika ya Mashariki miaka ijayo watakuwa wengi kuliko maabara zitakazojengwa. Baadhi yao watapewa mazoezi yenye majibu yaliyokwisha kujulikana, nao watayarudisha kwa wakati na kupata shahada. Wengine watapewa maswali ya kweli. Idara za lugha zina mchango katika kuamua ni wangapi watakaokuwa katika kundi la pili, na mchango huo waweza kuanza kwa kazi ndogo: kuchukua kijitabu kimoja cha majaribio, kukisoma kama mtu aliye peke yake, na kuweka alama kila mahali ambapo msomaji angelazimika kuuliza.